Kamionete ya Nyandwi: Inauzwa, Hainyang'anywi

Sehemu ya tisa

"Mtoeni," alisema Komanda Déogratias.

Hakuna aliyesogea.

Ndivyo tulivyomwacha Bernardine wiki jana: amekaa kwenye kiti cha dereva cha kamionete ya baba yake, mikono miwili juu ya usukani, mlango umefungwa, kioo kimeshushwa. Mbele yake wamesimama wapiganaji tisa wenye bunduki na majani kichwani. Nyuma yao yuko komanda mwenyewe, ngozi ya chui begani, saa ya chuma mkononi.

"Nimesema mtoeni. Mumekuwa viziwi?"

Mpiganaji wa kwanza alimtazama wa pili. Wa pili akatazama viatu vyake, naye hakuwa na viatu.

Bernardine akatoa mkono nje ya dirisha, taratibu, kiganja juu.

"Haya, kaka. Nishike. Mukono ndiyo huu. Hauumi."

Wapiganaji tisa walirudi nyuma hatua tatu, wote kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi ya kurudi.

Haukuwa uoga wa kawaida. Ilikuwa dawa. Kila mmoja wao alichanjwa kifuani, akanyunyiziwa maji, akanyweshwa mengine, akapewa masharti. Ukiyashika, risasi ya serikali inageuka maji. Ukiyavunja, inabaki risasi. Usimguse mwanamke, wala damu. Usiibe. Usitazame nyuma vitani. Tangu waasi walipoingia Uvira mwezi wa tano, mwaka ule wa sitini na nne, mji mzima uliyajua masharti hayo. Na wanawake wa soko la Mulongwe waliyajua kuliko wapiganaji wenyewe, maana wao ndio waliofukuzwa njiani kila kikosi kilipopita. Wengine walinung'unika. Bernardine alinyamaza, akaweka akilini.

Leo alikuwa na sababu ya kuyatumia. Baba yake, mzee Nyandwi, alikuwa na siku nne ndani ya ghala la bandari ya Kalundu. Alishtakiwa kwamba aliwabebea askari wa serikali risasi. Saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo angehukumiwa, na hukumu za ghala lile zilikuwa za aina moja tu. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na komanda aliyemfunga baba alikuwa amekuja kuchukua gari.

"Weye binti." Déogratias alisogea mbele kidogo. Kabla ya maasi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti ya darasani ilikuwa haijamtoka. "Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mwalimu. Ulimufundisha binamu yangu kugawanya. Mpaka leo hajui."

Mpiganaji mmoja alikohoa. Kikohozi kile kilifanana sana na kicheko.

"Gari hii inahitajika kwa mapinduzi."

"Mapinduzi iko na macho? Basi isome kile kibao."

Kibao kilikuwa juu ya boneti, ubao wa sanduku la sabuni, herufi za chokaa: INAUZWA. Mzee Nyandwi alikiandika mwezi wa tatu, macho yake yalipoanza kuona pikipiki mbili mahali palipokuwa na moja.

"Imeandikwa inauzwa," Bernardine alisema. "Haikuandikwa inanyang'anywa. Mutu akitaka kitu ya kuuzwa, anakuja kwa mwenye, wanaongea. Akichukua bila kuongea, hiyo inaitwa nini, mwalimu? Waulize wanafunzi wako hapo nyuma."

Wanafunzi waligeuza macho kwenye kibao. Kisha mmoja wao, mrefu, mwenye sauti ya chini, akasema:

"Komanda, kitu ya wizi inavunja dawa. Mganga alisema."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini keshokutwa tunaenda mapiganoni. Minye sipandi gari ya wizi."

"Hata minye," alisema mwingine.

"Hata shiye wote," akasema wa tatu, ambaye hakuna aliyemchagua awasemee.

Komanda aliuma mdomo. Alikuwa na bunduki tisa nyuma yake, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

Na gari lenyewe, msomaji, lilikuwa gari la kumfanya mtu aume mdomo. Lilitoka Amerika mwaka wa arobaini na sita, la kijani, la kazi nzito, lenye magurudumu manne yanayovuta yote na sanduku la mbao za mvule nyuma. Nyandwi aliliendesha miaka kumi na minne kwa Mgiriki wa pamba. Wiki ya uhuru Mgiriki aliandika karatasi ya kumwachia, akavuka mpaka kwenda Usumbura na mkoba mmoja. Tangu hapo Nyandwi alilifunika kwa magunia kila jua lilipokuwa kali, na alilipaka mafuta kuliko alivyojipaka mwenyewe. Magari mengine yote ya Uvira yalikuwa yamekufa au yalikuwa yanakufa. Lile lilikuwa bado linang'aa.

"Komanda, tunasumbuka ya nini?"

Sauti ilitoka langoni. Octave, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, pale Kalundu, aliingia uani akitabasamu, suruali imepigwa pasi. Mara tatu alikuwa amekuja kutaka kulinunua gari. Mara tatu Nyandwi alimkatalia. Octave alikuwa na lori lake mwenyewe, alilolipeleka bila mafuta ya moteri mpaka likagandamana, na Nyandwi alimwambia waziwazi kwamba gari hili ni mtoto wake, hatampa mtu aliyemuua wa kwake. Siku mbili baada ya kukataliwa mara ya tatu, wapiganaji wakamchukua Nyandwi. Nani alimtaja? Wasomaji wangu si watoto.

"Minye sijakunywa dawa," Octave alisema. "Niachieni huyu mama."

Alifungua mlango wa gari. Akamkamata Bernardine kifundo cha mkono.

"Shuka, mama. Biashara ya wanaume hii."

Bernardine hakupiga kelele. Hakumng'ata. Alimwacha amshike, mpaka kila jicho la uani lilipokuwa juu ya mkono ule.

"Sawa, Octave. Nikishuka, nani ataendesha?"

"Minye."

"Na nani atakaa na weye? Umeshika mwanamke mbele ya macho yao. Jasho langu iko mukononi mwako. Mpe mukono yule kaka mrefu, tuone kama ataupokea."

Octave aligeuka. Mpiganaji mrefu aliinua bunduki, si ya kupiga, ya kumweka mbali, kama mtu anavyomzuia mbwa mwenye upele.

"Baki pale pale," alisema.

Octave aliuachia mkono wa Bernardine kama aliyeshika chuma cha moto. Akaufuta mkono wake kwenye suruali. Wapiganaji wakaitazama suruali nayo, wakarudi hatua nyingine.

"Komanda, nilikuwa ninasaidia."

"Ondoka."

"Komanda."

"Ondoka kabla upepo haujageuka ukatuletea jasho hilo."

Octave aliondoka, pasi ya suruali imeharibika, akitembea katikati ya njia na watu wakimpisha pande zote mbili.

Déogratias alishusha pumzi. Alipozungumza tena, sauti ya darasani ilikuwa imepungua.

"Bei?"

"Bei ni mutu mumoja. Mzima, miguu yake miwili, na karatasi yenye sahihi yako."

"Baba yako atahukumiwa saa kumi."

"Basi nunua kabla ya saa kumi. Ikipita saa kumi, mwenye gari amekufa, na gari ya marehemu haiuzwi mpaka matanga iishe. Ndugu zetu wa Sange wanafanya matanga mirefu."

"Na kama gari yenyewe ni mbovu?"

"Jaribu. Mnunuzi anajaribu. Twende Kalundu, ukaisikie njiani."

"Nani ataendesha?"

"Mwenye kukaa kwenye kiti."

"Mwanamke?"

"Papa alinifundisha kwenye barabara ya pamba, Sange mpaka Luvungi, na gunia tatu mgongoni mwa gari. Wakati huo weye ulikuwa unafundisha kugawanya."

Komanda alizunguka gari. Akaweka mkono kwenye mlango wa pili, akaufungua, na hapo akasimama. Kiti kilikuwa kimoja, kirefu, chembamba. Mtu akikaa pale, goti lake linagusa goti la dereva kila gia inapobadilishwa.

"Nyuma, komanda," Bernardine alisema kwa upole. "Mbao ni safi. Nilizipangusa asubuhi."

Ndivyo Komanda Déogratias, aliyeuchukua mji wa Uvira kwa nusu siku, alivyopanda nyuma ya kamionete pamoja na watu wake kama magunia ya mihogo.

Bernardine alivuta kipini cha hewa, akakanyaga starta kwa mguu. Moteri ilikataa mara moja. Mara ya pili ikaitika, silinda zote sita, sauti nzito isiyo na kikohozi, na kuku wa uani wakatawanyika.

Barabara ya kwenda Kalundu inafuata ziwa, na mwaka ule ilikuwa na mashimo mengi. Bernardine hakukosa hata moja. Kila shimo, kishindo kilisikika nyuma, kikifuatiwa na neno ambalo mwalimu hapaswi kulijua. Ngozi ya chui ilipanda ikampiga komanda usoni, ikashuka, ikapanda tena.

Watu walitoka milangoni. Mama mmoja mwenye beseni la ndagala alisimama, akaona ni nani anaendesha na ni nani amesimama nyuma, akakaa chini tena bila kuangalia alipokaa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna aliyethubutu. Lakini kabla gari halijafika bandarini, Uvira nzima ilikuwa inajua.

Kalundu ilikuwa kimya. Meli hazikuwa zimefika tangu mwezi uliopita, na wapagazi walikuwa wamekaa juu ya kamba zao. Ghala lilikuwa la mabati, mlango mmoja, kufuli moja.

Walimtoa mzee Nyandwi akifumba macho kwa mwanga. Shati lilikuwa limechanika bega, ndevu nyeupe zimeota siku nne. Hakumtazama binti yake. Aliinamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Umesukuma moteri ikiwa bado baridi," alisema.

"Papa, nimekuja kukutoa."

"Ninaona. Zima kwanza. Inachemka."

Bernardine alizima. Mzee alitembea mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda. Ndipo alipomtazama mtoto wake.

"Umeiuza, mwana wanje, mtoto wangu?"

"Nimeiuza."

"Bei gani?"

"Weye."

Nyandwi alifikiri. Alijikuna ndevu.

"Umeuza bei rahisi."

"Papa, si saa ya mchezo."

"Minye sichezi. Gari hii inabeba tani moja na nusu, hata kupanda mlima. Minye, baada ya siku ine bila ugali, sifiki kilo hamsini na tano. Humo ndani iko watu kumi na moja wengine. Iko mwalimu, iko mushonaji, iko na mukatekista wetu ambaye hata sindano inamutisha. Bei ya gari iwe muzigo wake. Watu wote kumi na wawili."

Komanda alicheka, lakini si kwa furaha.

"Mzee, unafikiri hapa ni sokoni?"

"Kama si sokoni, basi minye narudi ndani, na gari inabaki yangu. Makaratasi iko kwa jina langu, hata huyu mutoto hawezi kuiuza bila minye. Ichukue kwa nguvu. Waulize hao tisa kama watapanda."

Alianza kurudi kuelekea mlango wa ghala. Hakuna aliyemsukuma. Alikuwa anajirudisha mwenyewe gerezani, mikono nyuma, kama mtu anayerudi kwake baada ya misa.

"Papa," Bernardine aliita.

"Ngoja," alisema komanda.

Aliwageukia wapiganaji wake. Aliwaamuru wote tisa waende mwisho wa gati, watazame ziwa, wasigeuke mpaka aite. Walikwenda. Kutogeuka walikuwa wamekuzoea.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, rudi. Weye binti, kuja. Lakini usinikaribie."

Aliwapeleka nyuma ya ghala, kwenye kibanda cha kuhifadhia nyavu. Akasukuma mlango kwa mguu.

Harufu iliwafikia kwanza.

Wanaume wanne walikuwa wamelala juu ya nyavu. Mmoja alikuwa amefungwa kichwa kwa shati. Wawili walikuwa wamefumba macho, wakipumua kwa mdomo. Wa nne, mwenye paja lililovimba kama kiroba, alikuwa na uso wa komanda, ule ule, wenye miaka michache pungufu.

"Kizito," alisema Déogratias. "Mudogo wangu. Tumbo moja."

Bernardine alitazama paja. Akamtazama komanda. Akaelewa yote kwa mara moja.

Mwenye dawa hapigwi na risasi. Akipigwa, basi alivunja sharti. Na aliyevunja sharti ameiharibu dawa ya wenzake wote, kwa hiyo wenzake wanammaliza. Wanaume hawa wanne walikuwa wamehukumiwa na jeshi lao wenyewe siku ile ile walipojeruhiwa.

"Nimewaficha siku tano," komanda alisema. "Nimesema wametumwa Fizi. Huyu hakuvunja kitu. Ninamujua tangu anatambaa. Hakuvunja kitu hata kimoja, na risasi imeingia."

"Kwa hiyo gari haikuwa ya mapinduzi."

"Ilikuwa ya Lemera. Kule kwenye hospitali bado iko mutu wa kutoa risasi."

"Ungesema tangu asubuhi."

"Mbele ya wale tisa?"

Nje, mawimbi madogo yalikuwa yanapiga gati. Kizito alifungua macho, akaomba maji, akayafumba tena kabla hajapewa.

"Kumi na wawili, komanda," Bernardine alisema.

"Nini?"

"Bei haijashuka. Watu kumi na wawili, na minye nitamufikisha mudogo wako Lemera."

"Weye iko na moyo wa jiwe."

"Minye? Kati yetu wawili, nani amefunga papa ya mwenzake?"

Déogratias alikaa juu ya pipa, ngozi ya chui ikateleza begani, naye hakuiokota.

"Nikiwatoa wote," alisema mwishowe, "weye utapita Luvungi, utapita Kamanyola, hutarudi. Na huyu nitajua namna gani kama alifika? Mumoja anabaki. Mpaka kesho saa sita mchana. Ukirudi na neno kutoka kwa Kizito, anatoka. Usiporudi..."

"Minye nabaki," alisema Nyandwi.

"Hapana," alisema Bernardine.

"Nabaki."

"Papa, nilikuja kununua weye. Si mushonaji. Si mukatekista. Weye."

"Na umeninunua, mwana wanje. Minye iko mali yako sasa. Nitakaa hapa unikute." Alimshika bega. "Watu kumi na moja wanatoka leo. Nikitoka minye nikaacha wao, hata sauti ya moteri sitaisikia vizuri tena."

Bernardine alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia kwamba ni mzee mbishi, kwamba mama alikufa akiulalamikia ubishi huo huo. Badala yake alimvutia juu shati lililochanika begani.

"Kupanda kwa Lemera, usiilazimishe gia ya pili," baba alisema. "Ingia ya kwanza mapema, uiache ifanye kazi yake."

Wafungwa kumi na mmoja walitolewa. Hawakuambiwa wakimbie. Waliambiwa kwanza wabebe. Hao hawakuwa wamekunywa dawa yoyote, walikuwa huru kugusa damu, na ndivyo watu waliokuwa wafe jioni ile walivyombeba mdogo wa aliyetaka kuwaua na wenzake watatu, wakawalaza juu ya magunia taratibu, vichwa vikielekea mbele. Mkatekista aligeuza uso pembeni muda wote, lakini hakuuachia mguu alioushika. Kisha wakafunika turubai, wakafunga kamba, vifundo vinne. Wakaondoka mmoja mmoja kwa njia ya ufukweni.

Komanda aliandika karatasi ya ruhusa ya kupita njiani. Aliiweka juu ya ukingo wa sanduku la gari, akarudi nyuma, Bernardine akaichukua.

Mlango wa ghala ulifungwa. Ndani alikuwa mtu mmoja.

Bernardine alipita Mulongwe bila kusimama. Alipita kanisa. Mashimo yale yale sasa aliyazunguka yote, na kila aliposhindwa kulizunguka moja, mtu aliugua chini ya turubai, naye akauma meno kama aliyeumia mwenyewe.

Kwenye daraja la Kavimvira palikuwa na kizuizi: mti wa mkaratusi uliolazwa juu ya mapipa mawili. Wapiganaji sita, wa kikosi kingine, wa komanda mwingine. Mkubwa wao alikuwa mnene, na alikuwa anatafuna muwa.

"Simama. Wapi?"

"Lemera."

"Makaratasi."

Bernardine aliishikilia karatasi kwenye kioo cha mbele, aisome bila kuigusa. Mnene alisoma. Au alitazama.

"Iko nini chini ya turubai?"

"Iko mwanamke anazaa. Tangu jana. Mutoto amelala vibaya."

Muwa uliacha kutafunwa.

"Damu iko?"

"Iko mingi. Unataka kuona?"

Wapiganaji sita walikwishaondoka karibu na gari kabla sentensi haijaisha. Mnene alipunga mkono kwa haraka, mbali na mwili wake.

"Inueni mti. Apite. Apite mbio."

Wawili walianza kuinua mti. Ulifika usawa wa magoti, ukafika usawa wa kiuno. Ndipo Kizito, chini ya turubai, alipougua. Mguno mrefu, mzito, wa kifua cha mwanaume.

Mti ulisimama hewani.

"Mwanamke huyo," alisema mnene polepole, "iko na sauti ya namna gani?"

"Uchungu wa siku mbili, kaka. Ungekuwa weye, ungenguruma mpaka Bukavu."

Mpiganaji mmoja alicheka. Wa pili akacheka. Mnene naye midomo yake ilianza kulegea, na Bernardine akasikia hewa ikimrudia kifuani.

"Mukubwa, mnaogopa nini?"

Mtu alisimama kutoka kwenye kivuli cha kibanda cha ulinzi. Suruali yake ilikuwa imekunjamana, na mikono yake ilikuwa bado na maji, imeoshwa sasa hivi kwenye mto. Octave hakumtazama Bernardine. Alimtazama mnene, kwa heshima, kama mtu anayeleta huduma.

"Ninyi hamuwezi kutazama mwanamke anayezaa. Nimeelewa. Lakini minye sijakunywa dawa. Minye sina kitu ya kuvunja. Nitaangalia kwa ajili yenu, kisha niwaambie."

Mnene alifikiri. Akatema kapi la muwa.

"Angalia," alisema.

Octave alizunguka nyuma ya gari. Katika kioo cha pembeni Bernardine aliona vidole vyake vikishika kamba. Fundo la kwanza lilifunguka. Wanne chini ya turubai walikuwa kimya sasa, kimya cha watu wanaojua. Huko Kalundu mzee mmoja alikuwa amekaa peke yake ndani ya ghala, akisikiliza barabara.

Fundo la pili.

Wale wawili walikuwa bado wameushika mti, usawa wa kiuno, mikono imeanza kuchoka. Upande wa pili wa mti barabara ilikuwa wazi, nyeupe kwa vumbi, ikienda moja kwa moja tambarareni.

"Octave," Bernardine aliita, bila kugeuka. "Ukimaliza hilo la tatu, shika turubai kwa nguvu."

"Kwa nini?"

Bernardine alikaza macho kwenye mti, akakanyaga klachi mpaka chini na kuingiza gia ya kwanza.